Biutifu wa Nguvumali

Mwanasiti, uko wapi? Natoka akika ya mtoto wa kaka yangu Uweso sasa hivi, hasira zimenijaa.

Unajua Mama alivyomngoja somo yake, Semeni mdogo. Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi mzaa baba, Nguvumali nzima inalijua hilo. Doti ya kanga keshamwekea.

Shehe kauliza jina. Uweso, na ndevu zake zile, kajibu: "Biutifu."

Biutifu. Shehe kashusha wembe.

Mkewe ndiye kaongeza, mbele ya mama mkwe: "Semeni jina la kishamba."
Na yeye kwao Mkwaja, kijijini kabisa, shoga. Mkwaja.

Mama hata hakufoka. Kampakata mtoto, kasema: "Mwaka hamsini na sita baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu, shamba la mkonge Pongwe. Nilipozaliwa, mke wa mzungu akanitazama, akasema 'klini'. Baba akaona nimesifiwa, akaniita Klini. Watoto wakanicheka mpaka mwalimu wa madrasa akanionea huruma, akanipa Semeni."

Klini, Mwanasiti. Mama yangu mzazi, na umri wote huu nilikuwa sijui.

Mke wa Uweso kacheka. Kacheka peke yake.

Mama kamrudishia mtoto wake, kamwambia taratibu: "Basi huyu ni somo yangu kweli. Siku akirudi shule analia, mleteni kwangu, nitampa jina."