Kabula na Uwanja wa Pande Mbili

Jumatano, 2 Julai

Mazoezi yamechelewa tena. Mashine ya kukoboa mpunga haikuzimwa mpaka saa kumi na moja jioni, na godauni letu liko mgongoni mwake. Tumepiga tukiwa na pumba kwenye nywele. Kabula katurudisha kwenye wimbo wa kupalilia mara tisa. Mara tisa! Vidole vyangu vya besi vimevimba, na kesho nina sare za shule za kushona. Nikamkasirikia. Mara ya kumi akapuliza ile saksafoni, hasira ikaniisha. Mwanamke huyu alijifunzia tarumbeta kanisani. Leo anachukua nyimbo walizoimba bibi zetu shambani, anazigeuza jazi, na bibi wenyewe wakizisikia bado wanazitambua. Sijui mwingine anayeweza.

Habari kubwa: wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Wawili, wa tamasha la jazi huko Ulaya. Kabula amewaandikia miaka mitatu. Wakiridhika, mwezi wa kumi bendi itakwenda kupiga kwao, jioni nzima ya Kahama. Anasema dunia inaijua dhahabu yetu, haijui tunaimba nini. Anaitaka safari hii kuliko anavyotaka nyumba. Na nyumba hana.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepewa kazi. Kabula anataka kundi la ngoma licheze siku hiyo baada ya bendi, wageni waone nyimbo zake zinatoka wapi. "Moja tu, Baba Kulwa." Rahisi. Nimempigia mjomba Shija, manju anayeongoza ngoma ya Bagika. Usukumani ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu. Marehemu baba alikuwa Bagika, mimi Bagika, mjadala umekwisha. Mjomba kafurahi mpaka akakata simu bila kuaga.

Jumapili, 6 Julai

Rahisi gani.

Shemeji Masele kaja baada ya ibada. Yeye ni manju wa Bagalu. Hakukaa, chai hakuigusa. "Kwa hiyo wazungu wakiondoka hapa watajua Kahama yote ni Bagika. Wabeja, shemeji. Wabeja sana." Shukrani za namna hiyo ni afadhali matusi. Mke wangu ni dada yake. Alinitazama tu, akaendelea kumenya viazi.

Nimewaalika na Bagalu. Kabula sijamwambia. Mimi mwoga, basi.

Jumanne, 8 Julai

Kabula kapita kibandani kwangu kujaribu gauni. Kakuta mama mmoja muuza michembe, vile viazi vikavu, ananingoja, anaimba wimbo wa kutwanga huku akipiga miayo. Kabula kamwamkia, kamwomba arudie, kaandika noti palepale juu ya pateni yangu ya suruali. Kaiharibu kabisa. Nimeikunja nikaihifadhi. Mama wa watu kaimba mara nne, na mara ya nne aliimba kwa kujidai kama yuko redioni. Hivyo ndivyo Kabula anavyofanya watu. Nilitaka kumwambia habari ya Bagalu. Nikamwambia pindo litafupishwa kidogo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepanga uwanja kwa kamba na vigingi. Bagika upande wa magharibi, Bagalu mashariki, jukwaa letu kaskazini, katikati pengo kubwa wasigusane. Ndivyo baba alivyokuwa akipanga. Kila kundi dakika kumi, kwa zamu.

Mjomba kaja kupima uwanja kwa hatua. Kauliza jua litakuwa wapi saa tisa. Baadaye kaja Masele, kauliza hilohilo. Nasikia wote wawili wameshatafuta dawa ya kuvuta watu. Hapo ndipo nikashtuka. Makundi mawili, uwanja mmoja, yanatazamana. Hayo si maonyesho, ni mashindano! Na mashindano yetu hayana refa. Watu wanahama kwa miguu yao, na aliyebaki bila watu kashindwa. Kila mtoto wa hapa anajua. Nami nimepanga hivyo kwa mikono yangu, kwa kuwa sijui kupanga vingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nimefika mpaka mlangoni kwa Kabula. Alikuwa anapuliza. Nikasimama nje nikasikiliza mpaka akamaliza, nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeaibika. Niandike upesi.

Uwanja ulijaa. Watu wa Runzewe walikuja, wachimbaji wa Bulyanhulu walikuja na pikipiki zao. Wageni mbele, mwanamke mwenye daftari na mwanamume wa kamera. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko siku yoyote. Kabula alikuwa anang'aa. Wimbo wa tatu, ule wa kupalilia, Bagika wakapiga ngoma. Zamu haijafika! Bagalu wakajibu. Watu wakasimama. Wote. Wakakimbilia magharibi, wakarudi mashariki, vumbi, vigelegele. Mbele yetu vikabaki viti vya plastiki na wale wageni wawili. Kwa desturi yetu tulikuwa tumeshindwa, mbele ya watu wetu, bendi nzima na suti zake nilizozishona mwenyewe.

Kabula akainua mkono, tukanyamaza. Akauliza nani kawaweka namna ile. Nikasema mimi. Nilingoja anitukane. Akavua mkanda wa saksafoni, akailaza kitini, akashuka. Akamshika mkono yule mama wa daftari. Sikumsikia, ila nilijua anamweleza nini, maana alikuwa anaonyesha miguu ya watu. Kisha wakaondoka wote, kamera nyuma, wakaingia vumbini. Niliwaona wakienda magharibi. Niliwaona wakihamia mashariki. Mgeni mmoja alipoteza kofia na hakurudi kuitafuta. Wimbo wa tatu haukumalizika.

Alhamisi, 24 Julai

Barua imekuja kwenye simu. Kabula katusomea godauni. Wanaitaka Kahama. Wanataka Bagika na Bagalu, watu kumi na wawili, waende wakashindane vilevile. Wanashukuru sana kwa kazi ya Kabula. Bendi, nafasi hakuna.

Mpiga tumba katukana. Miaka mitatu ya kuandika barua, na mtu mmoja mjinga kaiharibu kwa kamba na vigingi. Kabula katia simu mfukoni, kasema tuanze mazoezi.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwenda kuomba radhi. Nilikuta kajaza meza fomu za pasipoti. Nusu ya wachezaji hawana cheti cha kuzaliwa, mjomba Shija hajui alizaliwa mwaka gani. Kazi yote hiyo kaichukua yeye. Nikaanza maneno niliyoyapanga, kwamba yeye ana moyo mkubwa, hata haikumwuma. Akanikatiza. "Imeniuma, Baba Kulwa. Usiseme haijaniuma." Akalia, kidogo, bila kujificha. Akafuta macho kwa kanga. "Nilitaka wajue tunaimba nini. Sasa watajua. Haya, mjomba wako tumwandike mwaka gani?"

Ningekuwa mimi, ningezichoma zile fomu. Nasema kweli. Tumejaza mpaka wino ukaisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimeshona tu. Kabula kagundua tatizo ambalo hakuna aliyeliona: kule Ulaya watu wanakaa vitini. Ukumbi mzima una viti. Nani atahama? Manju wote wawili wamefadhaika, kwa mara ya kwanza wakakubaliana jambo. Kabula kaandika: toeni viti. Wamejibu kwamba havijawahi kutolewa. Kaandika tena, kurasa tatu, kueleza miguu ya Msukuma inavyohukumu. Leo wamekubali. Viti vinatolewa.

Jumapili, 17 Agosti

Mazoezi ya ngoma, uwanjani, jioni. Upepo, jua kali halipo. Pasipoti zote zimetoka. Mjomba Shija ana tarehe ya kuzaliwa na anaitembeza kijijini.

Hapakuwa na watazamaji. Manju wakalalamika, ngoma bila watu haisemi. Kabula akasema atakuwa watu. Akavua viatu. Alikwenda kwa Bagika, akasimama, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama kama anavyotusikiliza sisi. Akavuka uwanja mtupu kwenda kwa Bagalu. Akarudi. Kila alipowaachia mgongo walipiga kwa nguvu zaidi, watu wazima wanamgombania mwanamke mmoja. Hakuharakisha. Nilikuwa nimekaa pembeni nashona vifungo.

Mwisho alisimama kwa Bagalu na hakuondoka tena. Mjomba akaita, akaimba jina lake, hakugeuka.

Nikaweka sindano chini. Mimi ni Bagika, mtoto wa Bagika. Nikavuka, nikasimama nyuma yake.