Maji ya Bwana Afya

Zubeda weee! Niko Soga kwa bibi Mboni, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Leo fundi wa septic, lile shimo la maji ya choo, kachimba kishimo uani, kakijaza maji aone udongo unayanywa upesi kiasi gani. Yakinywewa upesi, panafaa. Bibi kaguna: "Mbona walishapima, enzi za ujamaa."

Basi sikia. Kijiji ndio kwanza kinaanza, bibi kaolewa juzijuzi. Bwana afya kaja kupima mahali pa choo, kajaza maji shimoni, kaenda kula kwa mwenyekiti. Bibi kachungulia: maji yameisha! Kaona aibu. Mgeni wa serikali kaacha maji yake kwake, arudi akute pakavu? Kachota ndoo, kajazia. Yakazama. Kajazia tena. NA TENA! Maji yenyewe ya kubeba kichwani kutoka mtoni!

Bwana afya karudi, kakuta shimo limejaa pomoni. Katikisa kichwa: "Hapa maji ya ardhini yako juu mno, choo hapana. Chimbeni kisima."

KISIMA, Zubeda!

Mumewe, babu Kondo, kachimba mpaka akawa anatolewa kwa kamba. Mchanga mkavu mtupu. Bibi yuko juu, kimyaaa, anamteremshia uji.

Namuuliza, bibi, kwa nini hukusema? Kanikazia macho: "Nimwaibishe mgeni?"

Sasa kile choo cha bibi, kile ulichokuwa unakiogopa utotoni, unalia hutaki kuingia, kwa sababu ukitupa jiwe husikii likitua?

Ndicho hicho kisima.