Bei ya Vitabu vya Babu Osmund

Alder Forks, Iowa
2 Februari 1987

Shangazi Arlys,

Shikamoo. Hujambo huko, na goti vipi na baridi hii? Mimi mzima, ila theluji imeziba mlango wa nyuma wa maktaba na mwenye koleo ni mimi. Pai imefika imevunjika, nimeila hivyo hivyo.

Maboksi sita ya vitabu vya Babu nimeyashusha mwenyewe. Bi Thorsrud, mkuu wetu wa maktaba, kanipa risiti: "vitabu, maboksi sita." Bei hakuna. Nikamwambia shangazi anataka bei, maana anayeizawadia maktaba hupunguziwa kodi. Akacheka. "Delmar, anayepewa zawadi hasemi ina thamani gani. Ndiyo sheria. Shangazi yako atafute mthamini."

Sawa. Lakini alifungua kitabu kimoja, kile cha treni, akakifunga haraka kama kaona nyoka. Maboksi yote kayafungia ofisini kwake, na ufunguo kautia kwenye soksi. Kwenye soksi, shangazi!

Mwanao,
Delmar

Osgood
11 Februari

Delmar mwanangu,

Marahaba. Goti linaniambia theluji nyingine yaja. Na wewe acha kula vya mkebe kila siku, utakonda kama ufito wa uzio.

Soksi! Nilijua. Asiyetaka kutaja bei ameshaijua. Mthamini nilishampata, Bwana Pruett, aliviangalia kabla sijavituma. Kasema, "Mama, vitabu hivi visafi. Vingekuwa na muhuri wa maktaba, bei yake ingekuwa ya kuni." Kavipa dola elfu kumi na moja. Unajua kodi ya shamba la Babu. Nisipopunguziwa, nyumba hii inakwenda, na mimi na paka tunahamia kwenye kochi lako.

Fomu ya kodi hii hapa. Huyo bibi atie sahihi kwamba amepokea, basi. Usimwachie. Simama hapo hapo.

Shangazi yako

Alder Forks
20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi mafua kidogo.

Nilisimama. Bi Thorsrud akasoma ile elfu kumi na moja, akavua miwani. "Iache hapa." Nikasema, "Shangazi kasema nisimame." Akasema, "Basi simama," akaenda kula mkate wake. Nilisimama mpaka akarudi. Hajatia sahihi.

Mwanao,
Delmar

Osgood
25 Februari

Delmar,

Marahaba. Kunywa supu.

Ulisimama kama mwiko! Anakuchezea. Hesabu maboksi, yasije yakawa matano. Na mbona umekuwa mpole hivyo, wamekulisha nini huko?

Shangazi

Alder Forks
6 Machi

Shangazi Arlys,

Shikamoo. Mafua yamepona. Sijui nianzie wapi, na mwandiko wangu unaujua, shule niliikimbia.

Leo Bi Thorsrud kaniita, kafunga mlango. Nikajua leo nafukuzwa. Kaniambia, "Yafungue maboksi wewe, ni ya kwenu." Nikafungua. Akasema, "Cha treni. Ukurasa wa thelathini na moja." Pale chini kabisa pana muhuri mdogo, wa maktaba hii hii. Kumbe wana desturi: muhuri mmoja mbele, watu wauone, na mmoja wa siri ndani, mwizi asiujue. Tukafungua kingine. Upo. Kingine. Upo. Tumevipitia vyote. Babu si alikuwa dereva wa gari la maktaba, anapeleka vitabu mashambani? Basi havikurudi.

Bi Thorsrud kasema hatapiga kelele. "Ila mtu hawezi kunizawadia kitabu changu, Delmar."

Nilikuwa namshuku yeye, shangazi. Sasa kuna kitu kingine. Ukurasa wa mbele, penye muhuri wa kuonekana, pamekwanguliwa kwa wembe. Karatasi yote imekuwa njano kama chai, lakini hapo palipokwanguliwa ni peupe, na unga wake bado umo. Babu amekufa mwaka wa tisa huu.

Nisamehe kuuliza. Nani kakwangua?

Mwanao,
Delmar

Osgood
2 Aprili

Delmar mwanangu,

Marahaba. Samahani kukaa kimya, huku palikuwa na matope, posta hawaji. Goti afadhali. Paka kazaa wanne, mmoja anafanana na wewe, yuko pembeni tu anatazama wenzake.

Fomu nirudishie kama ilivyo. Mwambie Bi Thorsrud nimemshukuru kwa kutusitiri. Babu yako hakuwa mwizi. Watu wa mashambani walimletea vitabu nyumbani, akawa anasema nitavirudisha theluji ikiyeyuka, na Iowa hii theluji haiishi. Usimfikirie vibaya.

Watu wa kodi wameshaleta notisi ya pili ya kuichukua nyumba.

Nikuulize kitu, mwanangu, bila ya kumtajia huyo bibi. Huo muhuri wa ndani, ni thelathini na moja kwa vitabu vyote, au kila kitabu na ukurasa wake? Huku nina maboksi mawili zaidi, na Bwana Pruett kasema yuko mnunuzi Chicago.

Nijibu upesi. Mnunuzi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo.

Shangazi yako akupendaye