Mpwa Wangu Anamwamini Mama Pacha

Mpendwa Shangazi, naomba msaada, na tafadhali usilitaje jina langu. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mmoja, nafanya kazi kwa watu wanaotengeneza krimu ya kung'arisha uso, nyumbani wanajua mimi ni karani na sijawahi kuwasahihisha. Kazi yangu hasa ni simu. Mezani kwangu zipo tisa, kila moja nimeibandika karatasi yenye jina, kuna Mwanachuo, kuna Nesi wa Zamu, kuna Mama Pacha, na wote hao ni mimi, naingia mtandaoni kama mteja wa kawaida nasema krimu imenisaidia. Bosi alianza na bango kubwa barabarani lenye msanii anayecheka, likakaa pale mpaka likapauka na krimu haikutoka dukani, kwa sababu vijana wa siku hizi wakiona uso wa kwenye bango wanajua amelipwa, tangazo wanaliruka kabla halijafungua mdomo, lakini mtu mwenye taulo kichwani na nyuma yake ukuta uliobanduka rangi, huyo wanamsikiliza kama dada yao wa tumbo moja. Bosi ndiye aliyetufundisha, mimi na wenzangu wa meza nyingine, kwamba usisifu kila kitu, lalamika kidogo, sema kifuniko ni kigumu, sema mzigo ulichelewa kufika, kosea herufi moja mbili. Nami nilikuwa hodari, Shangazi, nakiri, Mama Pacha alipendwa mpaka watu wakawa wanamuulizia hali ya watoto.

Mwezi uliopita binti mmoja ambaye akaunti yake ina picha ya ua alimuuliza Mama Pacha, "Dada, inaniwasha na ngozi inatoka kama ganda, niache?" nami nikamjibu huku nakunywa chai, "Mpenzi hata mimi iliniwasha wiki mbili za mwanzo nikalia, vumilia tu, ndiyo inatoa uchafu." Akanishukuru, nikamsahau.

Kumbe alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ana miaka kumi na tisa, nimembeba mgongoni. Sasa amelazwa, mashavu yamechubuka yanatoa maji, kope ya jicho la kushoto imevimba haifunguki, na daktari akimuuliza alipaka nini anasema ni sabuni tu, kwa sababu anaogopa kugombezwa na mama yake. Mimi hanifichi kitu, alinionyesha kopo, amelitia ndani ya soksi, Shangazi, anakwenda nalo kwenye choo cha wodini na bado anajipaka. Nilimshika mkono nikamwambia acha mwanangu, utapofuka, akanijibu taratibu kabisa, "Mamdogo, wewe hujaitumia. Mama Pacha ameitumia." Akanifungulia simu yake nisome mwenyewe, nikayasoma maneno yangu mbele yake, nikamrudishia simu.

Dada yangu ananiambia afadhali nipo mimi ambaye mtoto ananisikiliza. Ninachouliza ni hiki, je, naweza kumwandikia kama Mama Pacha nimwambie aache, halafu nifute akaunti zote niondoke kazini kimya kimya bila mtu kujua? Maana nikisema ukweli nitampoteza yeye na dada yangu kwa mpigo. Naogopa hata kula.

Mwenye Simu Tisa

SHANGAZI ANAJIBU

Pole kwa mgonjwa. Yako wewe bado naitafuta.

Hapana, usimwandikie kama Mama Pacha. Achana kwanza na habari ya dhambi, njia hiyo haitafanya kazi na unajua hivyo kuliko mimi. Mama Pacha akisema acha, wenzako wa meza ya pili watasema amehongwa na washindani. Si ndiyo kazi yenu? Binti atawaamini wao na kurudi chooni na soksi yake, na daktari bado hatajua anatibu nini.

Na mtu asiniambie kwamba binti ni mjinga. Aliona bango akajua hiyo ni biashara, akapita. Akaenda kuuliza watu waliotumia, vile vile mimi na mama zenu tulivyouliza majirani kabla ya kununua hata sufuria. Alitumia akili. Ninyi mlijua atapita njia hiyo, mkatangulia mkamngoja mkijifanya majirani. Hilo ndilo linaloniudhi, nami sioni haya kulisema.

Najua kwa nini hukumwambia pale kitandani. Lakini kila siku unayonyamaza, yeye anajipaka.

Sasa sikiliza. Chukua simu ya Mama Pacha na usifute hata neno, kwa sababu huo ni ushahidi na wakaguzi wa vipodozi watauhitaji. Anza kwa daktari, mwambie habari ya kopo, mwambie linatoka kazini kwako na kila unachojua kilichomo. Kisha keti na mpwa wako, mama yake akiwepo. Mwekee simu hiyo mkononi, umwambie amwandikie Mama Pacha chochote kwa simu yake mwenyewe. Aone ujumbe unaingia. Hatakuwa na haja ya kukuamini wewe, ataliamini hilo jicho moja analoonea.

Atakuchukia. Usijitetee, wala bosi usimtaje siku hiyo. Dada yako akikufukuza, toka ukae kwenye benchi la nje, usiende nyumbani. Ukiwa hapo benchini fungua simu zote tisa uwajibu waliokuuliza, mmoja mmoja, kwa jina lako halisi.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Siku hiyo hiyo nilikutumia ujumbe wenye haya yote ya hapo juu kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Naona uliusoma, na mpaka naandika hapa hujanijibu. Siwezi kuendelea kukungoja, kuna mabinti wengine wanaovumilia kwa sababu uliwaambia wavumilie. Kwa hiyo nimeichapisha barua yako kama ilivyo, na jina la Mama Pacha sikuligusa. Gazeti hili huuzwa mpaka mlangoni mwa hospitali, na mpwa wako anajua kusoma. Inuka, umwambie kabla hajaletewa.