Kikombe cha Mpera

Sagalla, kwa Mzee Sylus,
Voi.
9 Agosti 2025.

Mpendwa kaka Danson,

Pokea salamu zetu kutoka huku mlimani, ambako leo asubuhi ukungu umeshuka hata nimetoka jikoni nisione choo kiko wapi. Wewe hujambo? Joto la Doha limekuachia ngozi hata kidogo? Na lile jino lililokuwa linakusumbua, umeling'oa au bado unaliogopa? Mimi mzima, Lynn wangu amefunga shule na anakula kama mtu aliyetoka jela, na Baba hajambo. Nimeandika hajambo, na leo nimemaanisha.

Najua umeshangaa kupata barua, na kila Jumapili tunaongea kwa simu. Yvonne, binti wa Mzee Wanyonyi aliyefanya kazi reli na Baba, anarudi huko wiki ijayo, na amekubali kuibeba. Kuna mambo nimekuficha, kaka. Nilijaribu kuyasema kwa simu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za hali ya hewa.

Tangu Februari, ukiuliza kwa nini Baba haonekani kwenye video, nilikuwa nakuambia mtandao wa Sagalla ni mbovu. Mtandao ulikuwa sawa. Baba akiona simu alikuwa anavuta kofia inafunika macho. Na nilipokuambia anaongea polepole, hakuwa anaongea kabisa. Kile kiharusi cha Januari kilichukua mkono wa kulia, mguu, na maneno yote. Kilichobaki ni "aa." Aa ya ndiyo, aa ya hapana, aa ya niondokee hapa. Nisamehe. Ulikuwa umeanza mkataba mpya, nami niliogopa utauacha urudi.

Sasa nikuambie yaliyotokea, kwa sababu mwisho wake ni mzuri.

Shida kubwa haikuwa kutembea. Ilikuwa kunywa. Mkono wa kulia haukushika kitu, wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Bilauri ya kioo ilivunjika, kikombe cha bati kilimchoma. Kuna siku mama wa kanisa walikuja kumwombea, chai ikamwagika kifuani mbele yao wote. Hawakucheka, lakini mmoja alichukua leso akampangusa kidevu, na mimi niliona macho ya Baba. Unakumbuka ni mtu gani yule. Mtu wa kupiga pasi ovaroli.

Hapo nikafanya kosa. Nilienda Voi nikanunua kikombe cha plastiki cha watoto, kile chenye mfuniko na mdomo wa kunyonyea. Kilikuwa na picha ya bata. Mimi ni mwalimu wa chekechea, hayo ndiyo mambo ninayoyajua. Baba alikitazama kile kikombe muda mrefu, halafu akakitupa kwa mkono wa kushoto kikavuka ua hadi shambani. Kuanzia siku hiyo akawa hanywi mbele ya mtu. Nikimwachia maji nayakuta yalivyo. Na ilikuwa Machi, unajua joto la Machi.

Tarehe kumi na saba nilimkuta amelegea kitandani, midomo imepasuka, hanijui. Tulimshusha Voi kwa gari la jirani. Daktari alisema maji yamemwisha mwilini na figo zimeanza kulalamika. Tungechelewa siku moja zaidi, angekuwa na habari nyingine ya kunipa. Alikaa hapo siku tisa. Wewe nilikuambia tumekwenda kliniki ya kawaida.

Siku ya kutoka, yule dada wa mazoezi ya viungo aliniita pembeni. "Mama, huyu mzee hajakataa maji," akaniambia. "Amekataa aibu. Mtafutie kikombe kizito kidogo, kipana chini, chenye mikono miwili. Kisiwe cha mtoto." Nilizunguka Voi yote. Duka baada ya duka wananionyesha bata, sungura, samaki.

Nilipochoka nikakaa karibu na Mutinda, yule Mkamba anayechonga vinyago na kuviuzia watalii njiani. Alikuwa anatoa tumbo la bakuli kwa tezo, vipande vinaruka. Nikamweleza. Nilitaka anichongee tu, niende zangu. Akaniuliza, "Mzee wako alikuwa anafanya kazi gani?" Nikamwambia alikuwa seremala wa mabehewa, reli. Mutinda akaacha kuchonga.

"Basi mimi siwezi," akasema. "Fundi hawezi kunywea kazi ya fundi mwingine bila kuona makosa. Chonga wewe. Yako atainywea."

Nilicheka. Mimi, Danson! Mimi ambaye nilikuwa nafukuzwa nikisogelea hata msumari. Lakini alikuwa na uso wa mtu asiyetania. Akanionyesha nusu saa jinsi ya kushika tezo, akaniazima moja kuukuu, na akaniambia nitafute mti usio na utomvu wala harufu.

Ule mpera nyuma ya jikoni ulikuwa umeacha kuzaa, unene wake kama paja la mtu mzima. Niliuangusha. Nilikata kipande cha shina kizima kizima, nikakichimba wiki mbili kila nikitoka shule, nimejificha nyuma ya banda la mbuzi ili Baba asione. Nilijikata kidole cha shahada, mishono mitatu. Kilipofanana na kikombe nikakianika juani kikauke haraka. Kesho yake asubuhi kilikuwa kimepasuka toka mdomoni hadi chini. Ufa ungepitisha sarafu.

Nilikibeba hadi kwa Mutinda nikiwa karibu kulia. Akakitazama. "Umeacha moyo wa mti ndani. Huo ndio unaopasua. Pasua gogo katikati kwanza, utumie ubavu. Na kausha kivulini, ndani ya maranda, usiwe na haraka." Halafu akaitazama ile tezo. "Na hii peke yake haitoshi. Unahitaji patasi nzuri ya mviringo. Za mzee ziko wapi?"

Unajua ziko wapi. Ndani ya sanduku la kijani chini ya kitanda chake, na ufunguo kwenye kamba shingoni mwake. Hakuna aliyewahi kuligusa. Wewe ulichapwa kwa sababu ya nyundo.

Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba. Nikamwonyesha kile kikombe kilichopasuka na kidole changu. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nataka kumtengenezea kikombe na kwamba sijui kazi. Akaangalia ukuta. Nikafikiri nimemwumiza, kwamba nimemkumbusha mikono yake. Siku mbili hakunitazama. Danson, siku hizo mbili nilijuta kuzaliwa.

Siku ya tatu, Jumamosi, nilikuwa nafagia baraza nikasikia kishindo. Nilikimbia nikijua ameanguka. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, jasho linamtiririka, na sanduku amelivuta nje kwa mkono mmoja hadi katikati ya chumba. Ufunguo ulikuwa kwenye kufuli. Alishindwa kuuzungusha tu. Aliniambia "aa," na hiyo ilikuwa aa ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Kila kitu ndani kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Patasi kumi na moja, Danson, makali yote mazima.

Tulihamia barazani. Yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye kigoda, ubavu wa mpera umebanwa katikati ya magoti yangu. Nilianza kuchonga upande wa nje nikijua ananitazama. Patasi ilikuwa inakwama, inanyofoa nyuzi za mti badala ya kukata. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Kipande kikang'oka, kikubwa, mahali ambapo mkono wa kikombe ulipaswa kutokea. Baba akagonga sakafu kwa fimbo. Nikaendelea. Akagonga tena. Nikasukuma tena.

"Geuza!"

Niliinua kichwa nikatazama mlangoni. Nilidhani kuna mgeni. Hapakuwa na mtu. Baba alikuwa ameinama mbele, macho mekundu, mshipa umesimama shingoni.

"Geuza," akasema tena. "Ge-u-za."

Nikaugeuza ule ubavu wa mpera, nikaanza kuchonga kutoka upande wa pili, kutoka juu kwenda chini. Patasi ikapita kama kisu ndani ya parachichi. Utepe mrefu wa mti ukajikunja, ukaanguka miguuni pake. Miezi minne, kaka, na neno la kwanza Baba alilosema lilikuwa la kunigombeza. Nililia huku nachonga. Akagonga fimbo tena, maana nilikuwa sitazami kazi.

Baada ya hapo maneno yalianza kuja moja moja, na yote yalikuwa ya kazi. "Polepole." "Nyembamba." "Wacha." "Wacha" ndilo alilopenda zaidi. Siku niliyotaka kukata mikono miwili iwe myembamba kama ya vikombe vya dukani alikataa kabisa, akaweka kidole gumba chake juu ya mti nichore kukizunguka. Kwa hiyo ile mikono imetoka kwa kipimo cha vidole vyake.

Tulikizika kikombe kwenye maranda ndani ya gunia, chumbani kwake, wiki tatu. Kila asubuhi alikuwa anataka kitolewe akinuse. Kilipokauka nikampa msasa, nikamshikia kikombe yeye akisugua kwa mkono wa kushoto. Nilitarajia dakika tano. Alisugua hadi nikachoka mimi. Yule dada wa mazoezi alikuwa amempa mpira wa kufinya tangu Machi, ukakaa dirishani unakusanya vumbi. Ule msasa umefanya kazi ambayo mpira haukuifanya.

Mwisho tulikipaka mafuta ya nazi, na ndani nikakipitishia nta ya kina Mable, wale majirani wenye mizinga ya nyuki kwenye ua wa kuzuia ndovu. Kina rangi ya chai ya maziwa. Hakijakaa sawa, ukikiweka mezani kinaegemea kidogo upande wa kushoto, na chini ya mkono mmoja kuna kovu pale nilipong'oa kile kipande. Mutinda alikuja kukiona. Alikizungusha mkononi, akamtazama Baba, wakacheka wawili. Sitaki hata kujua walichekea nini.

Siku ya kwanza kukitumia nilitaka awe peke yake, asije akamwaga akaona haya. Nikaweka maji nikatoka. Akaniita. Akaelekeza fimbo kwenye kiti cha pili. Nikakaa. Kwa mkono wa kushoto akaubana wa kulia kwenye mkono mmoja wa kikombe, akashika mwingine, akainua. Kilitetemeka. Kidogo kilimwagika mapajani. Hakujali. Alikunywa hadi chini, akakiweka mezani, akapangusa mdomo mwenyewe kwa mkono wa shati, akasema, "Tena."

Hiyo ilikuwa tarehe nane Juni. Figo ziko sawa sasa, daktari amesema. Anatembea hadi getini kwa fimbo. Maneno bado yanapotea, hasa majina. Wiki nzima aliniita jina la marehemu Mama, na mimi niliitika. Mkono wa kulia daktari hana uhakika nao. Nimekuambia yote, sijabakisha hata moja.

Na kuna jambo jingine limeanza. Nilipompeleka kliniki mwezi huu alibeba kikombe chake kwenye mfuko. Pale foleni kulikuwa na mama mmoja kutoka Kasigau, anaitwa Namalwa, ameolewa huko, mumewe naye amepigwa na kiharusi na anamnywesha kwa kijiko. Alimtazama Baba akinywa, akauliza kikombe kile kinapatikana wapi. Nilifungua mdomo nijibu. Baba akanitangulia. Alisema, "Kwangu."

Basi sasa barazani kuna kazi. Mimi nachonga Jumamosi na siku za likizo, Lynn anapasua magogo, Baba anasugua na kutugombeza. Kile cha mume wa Namalwa kiko kwenye maranda tayari, na hicho kimekaa sawa. Jana Baba alishika patasi ndogo kwa mkono wa kushoto akajaribu kwenye kipande cha taka. Alifanya mkwaruzo mmoja tu, umepinda. Akautazama, akafanya mwingine.

Kwa hiyo usiuache mkataba, kaka, na usirudi kwa hofu. Rudi Desemba kwa likizo yako kama ulivyopanga. Nakuomba tu kitu kimoja: akiongea nawe mpe muda. Neno linamtoka mbali. Usimmalizie sentensi, hapendi, na fimbo sasa anaifikisha mbali.

Wasalimie Ronald na Okoth mnaokaa nao chumba kimoja, waambie nimesikia kwamba ugali mnauunguza kila siku. Mjomba Reuben anakusalimu, na mama wa kanisa wote, ambao sasa wakija wanakuta wanaambiwa wasikanyage maranda. Mungu akutunze kazini na njiani, akupe usingizi mzuri na watu wema wa kukuzunguka.

Kabla sijafunga bahasha nimemuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Alikuwa na msasa mkononi. Alifikiri sana, hata nikadhani amesahau swali, na nilikuwa nimeanza kukunja karatasi.

"Mwambie," akasema, "niko kazini."

Dada yako anayekupenda siku zote,

Wakesho.