Mgongo wa Baba na Mtani Wake wa Songea

Kwako Baba, uliyelala Nandagala,

Nakushuku. Naanza hivyo kwa sababu salamu ndefu ulikuwa huzipendi. Mtu akikujulia hali mara mbili ulimuuliza anataka nini. Taarifa ya habari uliiamini ikisomwa mara ya pili. Mgeni akipiga hodi ulichungulia kwanza nyuma ya nyumba, kana kwamba wabaya wote hupitia huko. Shaka hiyo nimeirithi pamoja na paji lako la uso, na leo naielekeza kwako.

Unakumbuka nilivyorudi na begi katikati ya masomo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa nne wa udaktari Dar es Salaam. Nilikueleza pale barazani kwamba nimechaguliwa kuahirisha masomo mwaka mmoja, nifanye utafiti wa uti wa mgongo chini ya Profesa wangu, bingwa wa upasuaji, kisha nirudi darasani. Ulisikiliza ukimenya muhogo. Halafu ukaniangalia tumbo.

"Umefukuzwa," ulisema. "Au kuna la zaidi?"

"Baba, nimechaguliwa."

"Mtu anachaguliwa kwenda mbele. Wewe umechaguliwa kurudi Nandagala?"

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Wewe hukucheka. Kesho yake ulimtuma shangazi aje anidadisi kama sijaanza kutamani udongo, na mimi nikamjibu kwa hasira kwamba ninachotamani ni kuaminiwa. Nadhani hilo hakukufikishia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka vijiji vya Ruangwa na Nachingwea kuwatafuta walioumia au kuugua mgongo: waliodondoka kwenye mikorosho wakipogoa, walioteguka na mizigo ya kuni, waliopata kifua kikuu kilichohamia kwenye pingili za mgongo. Nilikuwa nawauliza wanaishije baada ya kutoka hospitali, nawagonga magoti, nawaomba watembee kwa visigino. Kijiji cha Chiola walitushuku kwamba tumekuja kunyonya damu. Uliposikia habari hiyo ulifurahi sana, ukasema kumbe Chiola kuna watu wenye akili.

Profesa alikuwa akija Nachingwea mara kwa mara kunisimamia. Tulikaa kwenye benchi la hospitali, mimi nikieleza niliyemwona, yeye akinyanyuka na kuigiza mwendo wa mgonjwa huyo. Aliburuta mguu, alijishika kiuno, alitembea amekakamaa, na manesi walikuwa wanasimama mlangoni kumtazama. "Mtazame mtu kabla hajajua anatazamwa," aliniambia. "Akishajua, anakuigizia uzima." Sijawahi kupata mwalimu mwingine wa namna ile.

Na wewe, Baba, ulikuwa umeanza kuinama. Ulisema ni jembe. Nilipoomba nikuangalie mgongo, uliniambia binti havui baba yake shati, tukaishia hapo, maana kwetu ndivyo ilivyo na mimi nilikuheshimu. Nikajipanga kimya kimya: Profesa aje nyumbani, mwanamume kwa mwanamume, atakuangalia yeye.

Alikuja kiangazi. Ulikuwa umevaa uso wako wa kupokelea maofisa, mpaka alipotaja kwao.

"Songea? Wewe Mngoni?"

"Mngoni kabisa, mzee. Nimekuja kuona kama babu zangu walibakiza kitu."

Mambo yakaharibika hapohapo, au yalitengenezeka, sijui nisemeje. Mababu wa Kingoni na wetu sisi Wamwera walipigana, wajukuu wakawa watani, na mtani hana kosa. Alikuvua kofia akaivaa. Ulimwita mwizi wa wanawake. Aliingia jikoni bila kukaribishwa, akatoka na ming'oko, vile viazi vya porini alivyochemsha Mama, mkononi, wewe ukamshukuru. Nilikuwa sijawahi kukuona ukimwamini mtu kwa haraka vile, na nilianza kupata wivu.

Kisha akakuamuru: "Hebu tembea, nione kama Wamwera wana miguu." Ulitembea. Akakufuata nyuma, akaweka mkono juu ya shati lako, akabonyeza katikati ya mgongo. Niliona ukiuma midomo.

"Mtani," alisema huku anacheka, "hiki kinundu kimeoza ndani. Usipokuja Dar nikakufungua, mwakani utatambaa, na mimi ndiye nitakayekuzika."

Baraza zima lilicheka, wewe kuliko wote. "Wangoni mlizoea kuchinja," ulimjibu, "sasa mnachinjia hospitali!" Alipopanda gari alipunga mkono na kunipigia kelele nimpeleke mtani wake mjini, bado anacheka. Na mimi nilicheka, Baba. Mtani akimwambia mtani atamzika, nani kwetu huanza kufungasha nguo za safari?

Wiki iliyofuata nilikuwa kijijini Mkotokuyana nikigonga magoti ya watu wengine. Mwaka wa utafiti ukaisha, nikarudi darasani. Masika yaliyofuata miguu yako ilikataa. Walipokufikisha Dar, Profesa alikufungua kweli, akakuta kifua kikuu kimekula pingili na usaha umebana uti. Alikufanyia alichoweza. Dawa ulikunywa, ukinusa kila kidonge kwanza, lakini miguu haikurudi. Vidonda vya kulala vilikumaliza kabla ya mavuno ya korosho.

Profesa alikuja msibani kama mtani. Unajua watani wanavyofanya: alivaa kanzu yako, akashika kiuno, akatembea uani akiinama, akiwafokea waombolezaji kwa sauti yako waseme wamekuja kutafuta nini. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi sikucheka. Ule mwendo ulikuwa wako, lakini wa kiangazi kile, ulipokuwa bado unatembea. Alikuwa ameuona wote, hakukosea hata bega.

Nilimfuata nyuma ya jiko.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilimwambia. Mbele ya nyumba nzima, na wewe ukiwepo."

"Ulikuwa unatania!"

"Kwetu jambo gumu linasemwa kwa kinywa cha mtani, binti yangu. Ningemjia na koti jeupe, baba yako angenisikiliza?" Alianza kuvua kanzu yako, akashindwa katikati, akalia nayo kichwani.

Sikumwamini. Nilimaliza udaktari nikimshuku, nikasomea upasuaji wa mgongo mkono wake ukiongoza wangu, nikimshuku. Nilijiuliza kama alikosa ujasiri akajificha kwenye utani, au kama kwake ulikuwa mgonjwa mmoja kati ya wengi. Hajawahi kujitetea tena.

Mwezi uliopita Mama alinieleza jambo, tukichambua mbaazi. Alilikalia miaka yote hii akiamini yeye ndiye aliyekuua. Anasema jioni ile, gari la Profesa lilipoondoka, ulikaa kitandani ukiwa na kandambili mguu mmoja, ukamuuliza: "Yule mtani alikuwa anatania?"

Naye akakujibu: "Si mtani? Anatania."

Ukasema, "Haya." Ukavua kandambili ya pili.

Nimemwambia Mama asijilaumu, nikamshika mikono mpaka akatulia. Kwa sababu mimi nakujua, Baba. Wewe hukuwahi kuridhika na jibu la kwanza la binadamu yeyote, isipokuwa hilo. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mtoto wako anayesomea migongo, ukuta wa udongo tu kati yetu, na hukuniita. Ulimuuliza mtu uliyejua atasema anatania. Mimi ningesema twende, na hilo pia ulilijua.

Kwa hiyo Profesa nimemsamehe, nitamwambia mwenyewe nikimwona. Wewe bado. Uliogopa, Baba, na ungesema tu kwamba unaogopa, tungekwenda wote, na pale mlangoni pa chumba cha upasuaji ningekushika mkono.

Pumzika. Hasira hii ni ya mtu anayekupenda.

Binti yako mkubwa