Vidole Vitatu Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Na itangazwe kwa wote walio hai, pamoja na mashine zao: kuanzia leo, katika idara hii ya dobi ya hospitali, ni marufuku kusubiri mashine ya kufulia ukiwa umesimama wima. Utachuchumaa. Mashine ikizunguka — chuchumaa, inuka, chuchumaa. Nimetangaza mimi, mkunja mashuka, mwalimu wa viungo wa timu yetu ya mpira wa wavu. Cheo nimejipa. Hakuna aliyekigombea.

Mazoezi nimeyasomea kwenye televisheni ya chumba cha kusubiria wagonjwa. Haina sauti. Kwa hiyo vitendo navijua, sababu zake sizijui.

Tarehe 16 tunacheza na jikoni. Wametufunga miaka mitatu mfululizo, na kila mara tunakula kejeli zao pamoja na chakula cha mchana.

Wanaume saba ninao. Wanaocheza ni sita. Mkongwe wao ni shemeji, mume wa dada. Wote humwita Mnara. Hajawahi kukosa mechi. Amemwambia dada hii ndiyo ya mwisho, kisha goti alipumzishe.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumepima. Unapaka chaki ya kushonea kwenye kidole, unaruka, unagusa ukuta wa uwanja wa nyuma. Alama inabaki. Mnara wa kwanza, kama kawaida. Wa pili Sindano, yule mshona mashuka yaliyochanika. Wa mwisho dereva wa gari la nguo. Jino linamuuma, shavu limevimba kama andazi, ameruka huku kalishika.

Mnara anachuchumaa kuliko wote. Wengine wananitegea nikigeuka — yeye hategei. Lakini kushuka ngazi ya mlango wa nyuma kuingia uwanjani, ameshika mwimo wa mlango. Nimemuuliza. "Ujana unaaga polepole, shemeji, usiusukume."

Jumatatu, 11 Machi

Mafundi wamemwaga zege uwanja wa nyuma mwisho wa wiki. Hakuna tena dimbwi. Tunaweza kuruka bila kurushiana tope! Msimamizi ametembea juu yake kama bwana harusi.

Jumatano, 13 Machi

MAAJABU. Tumepima tena. Sindano kapanda vidole vitatu! Mpiga pasi — vitatu. Wale ndugu wawili wa mashine kubwa — vitatu, vitatu. Mtu wa sabuni, ambaye zoezi lake pekee ni kulalamika — vitatu.

Na dereva? Tangu Alhamisi alikuwa kwa daktari wa meno, karudi leo. Hajachuchumaa hata kwa haja ya kawaida. Vitatu!

Sielewi. Je, mazoezi yanaambukiza? Au kung'oa jino kunampunguzia mtu uzito kiasi hicho? Nimewaza hadi mashuka ya wodi ya wazazi nimeyakunja kama vitambaa vya meza.

Linalonichanganya zaidi ni Mnara. Anayejituma kuliko wote hakupanda hata kidole. Alama juu ya alama. Sasa analingana na Sindano. Halafu ngazi ile ya nyuma leo kashuka bila kushika mwimo! Goti limepona, mruko umekataa. Lipi nishike?

Wote wananisifu. "Mwalimu, umetuotesha mabawa!" Mgema akisifiwa... Namjua huyo mgema. Lakini acha nisifiwe kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetaja sita. Mnara hayumo.

Nilisema anayepanda anacheza, asiyepanda anakaa. Sheria yangu mwenyewe, nimeitoa mbele ya watu, ningeimezaje? Hakubisha. Kaniuliza tu taulo za benchi atabeba nani. Nikasema yeye. Akasema sawa, mwalimu. Mwalimu! Miaka yote ananiita shemeji.

Nyumbani dada kanipakulia chakula bila neno. Mwiko ndio uliosema.

Ijumaa, 15 Machi

Sikuvumilia. Nimemfuata Mnara uwanja wa nyuma, nikamuuliza: goti limepona, mbona huruki?

Kacheka. "Nani kakwambia limepona? Ngazi ndiyo imekuwa fupi."

Akainama kwa taabu, akalaza vidole kwenye ukingo pale zege jipya lilipokutana na la zamani. Vidole vitatu. Barabara.

Nimekaa chini. Hakuna aliyepanda. Kilichopanda ni uwanja.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu. Goti ndilo lililoniambia."

"Na ukanyamaza nikuache nje!"

"Ningesema, wao wangerudi walipokuwa. Na mimi je? Ningeshuka chini ya hapo. Acha waruke, shemeji."

Maana yake nimeipata usiku, dada alipofungua mdomo hatimaye. Anasema kabla ya kuchuchumaa kwangu mumewe alikuwa anapanda kitandani bila kuguna. Sasa anamvua viatu yeye.

Basi kati ya watu saba, mazoezi yangu yamembadilisha mmoja: yamemshusha vidole vitatu.

Niwaambie wenzake? Nisiwaambie? Nikisema nawavunja moyo. Nikinyamaza nawapeleka kuruka kwa nguvu ya sementi. Na yeye ndiye angekuwa hata sasa anatupita wote, kama ningemwacha asubiri mashine amesimama.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika benchini, mapumziko. Uwanja ni wa jikoni, sakafu kuukuu, hakuna aliyeigusa.

Seti ya kwanza TUMESHINDA. Wanaruka! Sindano kapiga mpira kutoka juu huko ambako sijawahi kumwona. Dereva, na pengo lake, kazuia mara mbili. Mpishi mkuu kauliza tunakula nini huko dobi. Sasa hapo sielewi kabisa. Zege liko kule, wao wako huku. Mnara kanisukuma kwa kiwiko: "Nilikwambia nini? Funga mdomo."

Ya pili wamechukua wao. Ya tatu ndiyo ya kuamua.

Dereva katua vibaya kwa mguu mmoja. Yuko chini, msuli umekaza, analia kuliko siku ya jino. Hawezi. Nimemkanda — hawezi.

Sindano anapiga kelele, "Mwalimu, ingiza mtu!" Refa kapuliza filimbi. Dada yuko upande wa pili, mikono kifuani, ananitazama mimi, hamtazami mumewe.

Benchi letu lina mtu mmoja, na hata kusimama kasimama kwa kushika nguzo.